Picha za Kutia Mfukoni

Daniel Chodowiecki alizaliwa Danzig mwaka 1726, akafa Berlin mwaka 1801, naye aliacha picha zaidi ya 2,000 alizozichora kwenye mabamba ya shaba. Bamba hupakwa nta, huchorwa kwa sindano, kisha tindikali huila shaba pale nta ilipokwanguliwa. Tena yote huchorwa kinyume, maana karatasi hugeuza kulia kuwa kushoto. Kazi ya subira hiyo!

Mimi nazipenda zile 12 za Minna von Barnhelm, tamthilia ya Lessing iliyochapishwa mwaka 1767. Zilitoka katika kalenda ya Berlin ya mwaka 1770, kijitabu kidogo tu. Yumo Meja Tellheim, askari aliyeachishwa kazi, hana fedha, heshima yake imetiwa doa, naye anakataa kumwoa mchumba wake asije akamshusha hadhi. Watu wa Berlin waliwajua akina Tellheim. Vita vya Miaka Saba vilikuwa vimekwisha mwaka 1763. Chodowiecki akamvika mavazi ya siku zile zile.

Mwaka 1778 alimchora pia Brockmann, mwigizaji aliyekuwa Hamlet jukwaani Berlin. Hata leo tunamwona.

Chuoni kwetu kijana mmoja aliigiza katika Juliasi Kaizari, watu wakalia. Amekwisha fariki. Sauti yake naikumbuka, lakini mikono aliiwekaje? Siku ile hapakuwa na kamera, wala mchoraji.