Neno Lililo Ncha ya Ulimi



Mwinjili Luka ametuhifadhia mfano wa mwanamke aliyekuwa na sarafu kumi, akapoteza moja. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii mpaka akaiona. Tumezoea kuusikia mfano huo katika mahubiri juu ya toba. Lakini yapata mwaka 400, Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyekuwa Askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliusoma kwa jicho jingine. Katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake aliuliza: mwanamke yule alijuaje kwamba sarafu aliyoiona ndiyo ile aliyoipoteza? Alijua, asema Augustino, kwa sababu sarafu ilikuwa imetoka machoni pake tu. Katika kumbukumbu yake ilikuwa bado ipo.

Kisha akasogea hatua moja mbele. Tukisahau jina la mtu, majina mengine hutujia na sisi huyakataa moja baada ya jingine. Jina lenyewe likija, tunalipokea papo hapo. Basi hatukuwa tumelisahau lote. Kilichosahauliwa kabisa hakitafutwi, maana hata kikiletwa mbele yetu hatutakitambua.

Fundisho hilo lilinirudia mwaka jana, mvua za kwanza ziliponyesha hapa Lubumbashi. Mnaifahamu Oktoba ya kwetu. Kwa miezi mingi mvua haijaonekana, na vumbi jekundu limetanda juu ya mabati, juu ya majani ya miembe, hata katika kola za mashati. Alasiri moja nilikuwa nimeketi na kikundi cha vijana katika ua wa parokia. Mawingu yakakusanyika, matone makubwa machache yakapiga ardhi, na ile harufu ikapanda. Sisi twaiita tu harufu ya mvua. Nikawaambia vijana kwamba katika Kiingereza lipo neno moja kwa ajili yake, neno la nadra ambalo hata wasemaji wengi wa lugha hiyo hawalitumii.

“Neno gani, Mwalimu?”

Nikafungua kinywa, neno lisije. Nilijua kwamba linaanza kwa herufi p. Nilijua kwamba lina silabi tatu, kwamba asili yake ni Kigiriki, na kwamba ndani yake mna jiwe. Vijana wakaanza kunisaidia. Mmoja akasema pilipili, ili watu wacheke. Mwingine akasema petroli. Wote wakacheka tena, lakini mimi nikahisi neno limesogea karibu, kama mtu aliyefika mlangoni akasita kubisha. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kutoa simu. Nikamwomba airudishe mfukoni. Simu ina kazi yake; siku ile nilitaka tuone pamoja jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi yake.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1966, Roger Brown na David McNeill wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi. Waliwasomea maana za maneno adimu ya Kiingereza, kwa mfano chombo ambacho mabaharia hupimia kimo cha jua na nyota, na wanafunzi walitakiwa kutaja neno. Wengine walilijua, wengine hawakulijua. Lakini kulikuwa na kundi la tatu: waliokuwa na neno ncha ya ulimi, wakihangaika kama mtu anayekaribia kupiga chafya. Hao hawakuweza kulitamka neno, ila walipoulizwa herufi yake ya kwanza, waliitaja sawasawa zaidi ya nusu ya mara. Mara nyingi walijua hata idadi ya silabi zake. Neno lilikuwa limejificha, lakini nyayo zake zilionekana.

Siku ya pili yake nilikuwa nikifuta ubao darasani, nikiwaza mambo mengine kabisa, neno likaja lenyewe: petrichor.

Neno hilo ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Lilitungwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas. Waligundua kwamba wakati wa kiangazi mafuta yatokayo katika mimea hunywewa na mawe na udongo mkavu, yakakaa humo yakingoja. Unyevu ukirudi, yanaachiliwa hewani. Ndiyo sababu mvua ya kwanza hunukia kuliko ya kumi. Katika harufu hiyo mna pia kitu kingine, geosmini, kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni. Wataalamu hao walichukua maneno mawili ya Kigiriki: petra, yaani mwamba, na ichor, jina ambalo Wagiriki wa kale waliipa damu ya miungu yao. Basi aliyesema petroli hakuwa mbali. Petroli nayo maana yake ya asili ni mafuta ya mwamba, na mwamba huohuo ndio ulio katika jina la Petro, ambaye Kanisa Kuu letu la hapa Lubumbashi linaitwa kwa jina lake pamoja na la Paulo.

Jumapili iliyofuata niliwaletea vijana neno lao, wakafurahi, wakalirudia mara kadhaa kwa lafudhi za kila namna. Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini wenzake walipotawanyika, msichana mmoja alibaki. Akasema: “Mwalimu, nkambo wangu ananiita kwa majina ya mashangazi zangu watatu kabla ya kulifikia langu. Ndugu zangu wanacheka. Mimi hutoka nje kabla hajamaliza, maana naona amekwisha kunisahau.”

Nikamuuliza: “Akisema jina la shangazi yako, hukomea hapo?”

“Hapana. Anatikisa kichwa, anasema si huyo, anaendelea.”

“Na akilifikia lako?”

Akafikiri kidogo. “Sijui. Mara nyingi huwa nimekwisha kutoka.”

Nilimweleza yale ya Augustino. Mtu anayetikisa kichwa na kusema “si huyo” anajua anayemtafuta. Kila jina analolikataa ni ushahidi kwamba lako bado analo. Tena tazama majina anayoyapitia: hatafuti sokoni wala kwa majirani, anatafuta miongoni mwa binti zake aliowazaa. Amekuweka pamoja nao, ndiyo maana unapatikana mahali pamoja nao. Kadiri umri unavyosogea, maneno hukwama ncha ya ulimi mara nyingi zaidi, na majina ya watu ndiyo hukwama kuliko yote. Hilo si upungufu wa upendo. Yako maradhi ya uzeeni yanayofuta mengi zaidi. Mzee anayepotea njia ya nyumbani kwake anahitaji daktari na uangalizi wa jamaa yake. Lakini tusimhesabu mtu kuwa amepotea kwa sababu tu amechelewa kutamka.

Baada ya majuma mawili msichana yule alinisimulia kwamba alijaribu kungoja. Jina lake lilikuja la nne. Nkambo akacheka mwenyewe, akamshika mkono, akamwambia aketi.

Vijana wapendwa, nayaandika haya kwa sababu nyinyi wenyewe mnao utajiri ulio ncha ya ulimi. Wengi wenu huniambia: “Lugha ya wazazi wangu, Kisanga, Kibemba au Kiluba, nimeisahau.” Lakini mtu akiikosea mbele yenu mnatabasamu. Mnasikia kwamba hapo pamekaa vibaya, hata kama hamwezi kusema pangekaaje vizuri. Wengine husema hivyohivyo juu ya sala walizofundishwa utotoni: “Zimenitoka.” Lakini mwenzenu akiruka mstari, mnajua kwamba ameuruka. Kilichotoka kabisa hakina uwezo wa kumsahihisha mtu. Kwa hiyo msiseme upesi kwamba mmepoteza. Semeni kwamba mnatafuta, na mtafute kweli, kama yule mwanamke aliyewasha taa na kushika ufagio.

Utafutaji huo unahitaji watu. Neno langu la Kiingereza ningeliweza kulipata katika simu kwa dakika moja, maana limeandikwa katika kamusi nyingi. Lakini majina ya uyoga wa mvua za kwanza, ya miti inayotoa dawa, ya mababu wa ukoo wenu, mengine yameandikwa mahali pamoja tu, katika kumbukumbu ya mzee aliyeketi barazani kwenu. Naye akiulizwa atakwama, atataja lisilo lenyewe, atatikisa kichwa. Msimmalizie sentensi. Msicheke. Msitoke nje.

Juma hili, kila mmoja wenu amwendee mzee mmoja wa nyumbani mwake, amuulize jina la kitu kimoja tu, kisha angoje. Jina atakalopewa alilete kikundini, nasi tutalirudia pamoja mpaka kila mmoja aweze kulitamka.