Sigara Ilivyotoka Ndani: Nyumba za Oldeani na Moshi Wake

Katika nyumba nyingi za Oldeani, wilayani Karatu, siku hizi, mtu akitaka kuvuta sigara hutoka nje. Hangoji kuambiwa. Hunyanyuka kitini, hupitia mlango wa nyuma na kusimama kando ya banda la ng'ombe, hata kama ni Julai na ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro. Mwenye nyumba naye hutoka, ingawa bati, tofali na kiwanja vyote ni vyake. Sisi tuliokulia huku miaka ya sabini na themanini tunakumbuka desturi nyingine kabisa: mzee alivuta pale alipoketi, mgeni alivuta pale alipokaribishwa, na mtoto aliyetumwa jikoni kuleta kijinga cha moto aliona ni kazi kama kazi nyingine. Badiliko hili halikupigiwa mbiu, ndiyo maana kila mmoja ana maelezo yake. Kuna wanaosema ni sheria, kuna wanaosema ni hospitali, na wengine husema ni kanisa. Mimi nasema ni nyumba. Sigara ilitoka ndani kwa sababu jiko lilitangulia kutoka, na anayetaka kuelewa habari ya tumbaku katika nyanda hizi za baridi lazima aanzie kwenye kuni.

Tuanze na nyumba za mababu. Wairaqw waliohamia Karatu na Oldeani kutoka Mbulu walikuwa na ujuzi wa nyumba iliyochimbiwa kwenye mteremko, paa lake la udongo likikaribia kulingana na ardhi, na ndani wakilala watu pamoja na mifugo. Kwa Wamaasai wa Ngorongoro, nyumba ilijengwa na mwanamke kwa fito na kukandikwa kwa samadi, na wengi wanajenga hivyo hadi leo. Nyumba hizo zina tofauti nyingi, lakini zote mbili ziliweka moto ndani na hazikuwa na dirisha la maana. Wala moshi haukuwa kero tupu. Ulikausha mahindi darini, ulifukuza mbu na viroboto, na uliwazuia wadudu wasitoboe fito za paa. Katika nyumba ya namna hiyo, kumwambia babu asivute kiko ndani lingekuwa jambo lisiloeleweka, kwa kuwa moshi wake ulikuwa mdogo mno mbele ya moshi wa mafiga matatu yaliyowaka tangu alfajiri. Tena sehemu kubwa ya tumbaku ya wazee haikuwa ya kuvuta. Ilisagwa ikawa ugoro wa kunusa, au ilichanganywa na magadi na kutafunwa, na mzee kumpa mwenzake kidogo kutoka kwenye kibuyu chake ilikuwa heshima. Waliovuta hasa ni Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, kwa viko vyao vya jiwe. Na kwao moto na maongezi, kwa sehemu kubwa, viko nje ya kibanda cha nyasi, kwa hiyo na kiko kiko nje. Moshi wa tumbaku ulikaa pale ulipokaa moto, na hilo lilikuwa kweli kwa kila kabila la eneo hili.

Sigara ya kiwandani ilikuja kuzoeleka Oldeani kwa njia ya mashamba ya kahawa. Walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba kwenye miteremko hii katika miaka ya 1920 na 1930, mpaka vita vya 1939 vilipozuka, wakawekwa kizuizini na Waingereza na mashamba yao yakachukuliwa. Mwenye shamba alibadilika, lakini maisha ya kambi za vibarua hayakubadilika sana: chumba kimoja cha kupikia, kulala na kuzungumza, na mshahara wa fedha taslimu. Fedha taslimu ndiyo iliyoleta sigara. Ugoro ulihitaji mtu wa kuulima, kuukausha na kuusaga, lakini sigara ilinunuliwa moja moja dukani jioni ya malipo. Baada ya Uhuru, kiwanda cha Chang'ombe, Dar es Salaam, kilisambaza sigara nchi nzima kwa kutumia tumbaku ya Tabora na Iringa, na kwa kizazi cha baba zetu pakiti mfukoni ikawa sehemu ya utu uzima, pamoja na redio na saa ya mkono. Karani, mwalimu na dereva wa lori walivuta ndani ya nyumba bila kuomba ruhusa. Kisahani cha majivu kiliwekwa mezani hata katika nyumba isiyo na mvutaji, kwa kuwa kukosekana kwake kungemfanya mgeni aone hakutegemewa. Hapo tumbaku ilikuwa imepata nguvu mbili kwa pamoja: bado ilijificha ndani ya moshi wa kuni, na juu ya hayo ilibeba heshima ya mtu mwenye mshahara.

Kilichovunja nguvu hizo hakikuilenga tumbaku hata kidogo. Katikati ya miaka ya sabini watu walikusanywa katika vijiji, na viongozi wakahimiza nyumba bora, yenye madirisha na choo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Ilifundisha juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu; tumbaku haikuwa miongoni mwa mada zake. Kisha bei ya kahawa ilipokuwa nzuri, au ngano na maharage yalipokubali, kaya moja baada ya nyingine iliezeka bati. Bati lilidai utaratibu mpya. Moto wa kuni chini yake hulitia masizi na kutu, moshi wake hauna pa kutokea kama kwenye nyasi, na huchafua ukuta uliopakwa chokaa kwa gharama. Kwa hiyo jiko likajengewa banda lake uani. Nyumba kubwa ikabaki na sakafu ya saruji, mapazia, makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono na, kwa wenye uwezo, dari. Ndipo kwa mara ya kwanza katika historia ya huku kikapatikana chumba ambacho hewa yake haikunuka moshi, na moshi wa sigara uliokuwa haujulikani ukaanza kujulikana. Ulikaa kwenye pazia mpaka kesho yake. Cheche ilitoboa kochi. Mama wa nyumba, ambaye katika nyumba ya zamani asingekuwa na hoja ya kumtoa mumewe, sasa alikuwa na hoja isiyojibika: kama mimi nimetoka na moto wangu wa kupikia, wewe na huo wako unabaki humu kwa lipi?

Ushahidi mzuri wa hoja hii ni mfuatano wa miaka. Bunge lilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 Tanzania ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Sheria ile inahusu sehemu za umma, wala haigongi hodi sebuleni kwa mtu. Lakini tazama matokeo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ulionyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya waliokwenda baa walikutana na moshi wa sigara humo, wakati majumbani waliokutana nao walikuwa kama mtu mmoja katika kila saba. Yaani pale penye sheria moshi umejaa, na pasipo na sheria umepungua. Nchi za Ulaya zimepita njia nyingine: Ireland, kwa mfano, ilipiga marufuku sigara ndani ya baa mwaka 2004, na sheria za aina hiyo zikawasaidia watu kuzoea kutovuta ndani hata majumbani. Huku kwetu nyumba imetangulia, na baa bado inasuasua nyuma. Atakayesema ni kwa sababu wavutaji ni wachache hakosei sana, maana utafiti huohuo ulikuta watumiaji wa tumbaku ya aina zote ni asilimia 8.7 tu, wanaume 14.6 na wanawake 3.2. Lakini uchache hauelezi kwa nini hao waliobaki hutoka nje. Mvutaji mmoja anatosha kujaza chumba.

Pingamizi zito zaidi ni la elimu ya afya. Watu, inasemekana, wamejua kwamba sigara inaua, wakaona si haki kuwavutisha watoto. Ni kweli elimu ipo. Watafiti Doll na Hill walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu huko Uingereza mwaka 1950, na mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alionyesha kuwa wake wasiovuta walioolewa na wavutaji wazito walipata saratani hiyo zaidi kuliko wenzao. Onyo limeandikwa kwenye kila pakiti. Lakini kama hofu ya mapafu ndiyo iliyoitoa sigara sebuleni, ingekuwa imefanya kazi pia hatua kumi kutoka hapo, ndani ya banda la jiko. Humo mama anapuliza kuni mbichi za mvua za Aprili, mtoto yuko mgongoni, bibi anaota moto, na moshi ni mzito kuliko wa wavutaji kumi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa nishati za kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kwamba moshi wa tumbaku ya wengine huua watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Baba anayetoka na sigara yake kwa ajili ya watoto, kisha akawaona watoto walewale wakila chakula cha jioni ndani ya moshi wa kuni bila kusema neno, haongozwi na habari za mapafu. Anaongozwa na adabu ya sebule. Elimu ya afya imekuja baadaye kuipa adabu hiyo sababu nzuri za kutaja, na hilo si jambo dogo, lakini siyo iliyoianzisha.

Wengine watasema adabu hiyo ni ya kale, kwa kuwa kijana hakuthubutu kuvuta mbele ya baba yake. Hakuthubutu kweli, na wengi wetu tulijifunza kuzima kishungi kwa kidole tuliposikia kikohozi cha mzee njiani. Lakini katazo lile lilihusu cheo, halikuhusu moshi. Lilimkataza kijana na kumruhusu mzee katika chumba kilekile. La leo linamtoa hata mzee. Kanisa lina hoja iliyo imara zaidi. Wasabato na Wapentekoste wamewakataza waumini wao tumbaku waziwazi, na zipo nyumba zilizoacha kabisa kwa ajili ya wokovu. Hata hivyo, kanisa linaeleza kwa nini fulani ameacha kuvuta. Halielezi kwa nini jirani yake asiyeacha anavutia nje. Hali ni hiyohiyo kwa hoteli za kitalii zilizoota katikati ya kahawa tangu barabara ya lami ilipofika Karatu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vijana waliofanya kazi huko wamezoea vyumba visivyovutiwa sigara, na wakijenga hujenga wakiwa na picha hiyo kichwani. Lakini walichorudi nacho nyumbani ni picha ya nyumba, na hilo linanirudisha kwenye hoja yangu.

Kuna atakayesema pia kwamba habari hii ni ya wenye bati na dari, na kwamba katika chumba cha kupanga au kota ya shambani, mahali ambapo jiko la mkaa, kitanda na kiti viko pamoja, watu bado wanavuta ndani. Nakubali, na nashukuru kwa pingamizi hilo kwa sababu linathibitisha ninachosema. Hao wamesikia redio ileile, wanasali makanisa yaleyale, na pakiti zao zina onyo lilelile. Kinachowatofautisha na jirani wa juu ya kilima ni chumba. Si kwamba maskini hajali wanawe. Ni kwamba hajapata bado chumba kisicho na moshi ambacho sigara ingekichafua.

Nimesisitiza jambo hili kwa sababu lina matumizi. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, katika nchi ambayo kaya nyingi mno bado zinapika kwa kuni na mkaa. Wakubwa wakidhani kazi hiyo itafanywa na mabango na mihadhara, Oldeani inaweza kuwaonya. Huku watu hawakuhubiriwa wakaacha kuvuta ndani. Walijenga tofauti, na ujenzi ukawabadilisha. Jiko nalo litabadilika gesi ikishuka bei na kufika vijijini kwa mitungi midogo, fundi akijenga bomba la moshi bila kuombwa, na jiko la moshi likianza kuonekana aibu kama sebule ya moshi inavyoonekana leo. Wanaume wa kizazi changu wamekubali kusimama kwenye baridi kwa ajili ya makochi na mapazia. Mtungi mdogo na plati yake haupiti bei ya mbuzi mmoja mzuri mnadani Karatu, na mwenye kumuuza mbuzi huyo, mara nyingi, ndiye huyohuyo anayetoka nje na sigara.