Aliyetufundisha Msahafu Aliitwa Asiyejua Kusoma

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 25 Oktoba 2015, tulimsindikiza Bibi kwenda kupiga kura katika mtaa wetu hapa Tanga. Wakati huo tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka chuo cha Kiislamu, kijana mwenye cheti kipya na maneno mengi. Yeye ndiye aliyetupokea utotoni katika madrasa ya ukumbini kwake, akatufundisha kuanzia alifu mpaka tukahitimu. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu. Tulipofika mlangoni karani akamwuliza kama atahitaji msaada, na kabla hajajibu, mtu mmoja katika foleni akamjibia: “Bibi huyu hajui kusoma.”

Hajui kusoma! Mwanamke aliyekaa na Msahafu mapajani umri wake wote, na ambaye barua zake kwa nduguze wa Mombasa aliziandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa pwani karne nyingi kabla yake. Asichokijua ni herufi za Kirumi tu. Wazee wa namna hii wamo katika nyumba zetu nyingi, na baadhi yao huona heri kubaki nyumbani siku ya kura kuliko kuitwa wajinga mbele ya wajukuu.

Bibi hakujibu neno. Utaratibu wa uchaguzi unamruhusu asiyejua kusoma, au mwenye ulemavu unaomzuia kupiga kura mwenyewe, kuingia na mtu anayemwamini, ilimradi mtu huyo si msimamizi wa kituo, msaidizi wake wala wakala wa chama. Anayechagua msaidizi ni mpiga kura, si familia yake, wala si msikiti. Akatushika mkono, tukaingia pamoja.

Karatasi zilikuwa tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Katika ile ya Rais walikuwamo wagombea 8, na sisi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulikuwa na wetu moyoni. Jina lake tukalisoma taratibu, kwa herufi zote. Mengine tukayapitia mbio, na mawili hatukuyataja kabisa.

Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ile ya ukumbini: “Mwanangu, umeruka. Rudi mwanzo.”

Alijuaje? Nadhari yake ni kwamba mwalimu aliyesikiliza watoto wakisoma miaka yote ile hadanganywi na pumzi ya mwanafunzi. Tulirudi mwanzo. Tukasoma majina yote 8 na vyama vyao, yeye akichezesha vidole kama ahesabuye tasbihi, kisha akataja amtakaye. Tukaweka alama ya vema hapo alipotaka. Karatasi akazikunja mwenyewe, na akatutaka tumwongoze mkono tu hadi kwenye tundu la sanduku.

Jioni barazani watu walituuliza: “Bibi kampa nani?” Hilo angalau tulilizuia. Lakini lile la kuruka majina hatukumsimulia mtu yeyote. Chuoni tulikuwa tumefaulu vizuri somo la amana, tena aya ya 58 ya Suratun-Nisaa tuliihifadhi pamoja na tafsiri yake.

Mwaka 2020 tulikuwa tayari katibu wa kamati ya msikiti. Mjumbe mmoja akapendekeza, kwa nia njema kabisa, tuteue vijana kumi waingie vituoni na wazee pamoja na walemavu wa mtaa. Tulipinga, na kwa mara ya kwanza tukasimulia yaliyotokea 2015. Kikao kikawa kimya. Aliyetuunga mkono ni mzee wetu asiyeona. Alituambia kwamba majalada ya nukta nundu yapo kwa ajili ya wasioona, lakini yeye alipofuka ukubwani na hakuwahi kujifunza nukta hizo, kwa hiyo atakwenda na mkewe, “na nyinyi nitafutieni bajaji tu.” Akatukumbusha Ibn Ummi Maktum, sahaba asiyeona, ambaye Mtume (s.a.w.) alimwachia Madina aisimamie. Huyo, akasema, hakuteuliwa mtu wa kumsemea.

Basi kamati ikachangia nauli za bajaji, na baada ya darsa tukawaeleza wanawake na wanaume haki yao ya kuchagua msaidizi, na kwamba wazee na wagonjwa hutangulizwa, hawana haja ya kupanga foleni juani.

Siku ilipofika, Bibi hakutuchagua. Aliingia na mjukuu wake wa kike, aliyetimiza miaka 18 mwaka ule ule. Tulisubiri nje chini ya mwarobaini, na alipotoka tukamwuliza kama binti amesoma vizuri.

“Walikuwa 15,” akasema. “Hakuruka hata mmoja.” Kisha akauliza bajaji iko wapi.