Kipepeo wa Norfolk na Ndugu Yake wa Kilifi

Mwisho wa Mei, jua likitoka hapa Norfolk, watu hufunga safari kutoka kaunti za mbali kuja kumtafuta kipepeo. Ni mkubwa, wa manjano yenye michirizi myeusi, na mabawa yake ya nyuma yana mikia. Katika Uingereza nzima, makao yake ya kudumu ni vinamasi vya Broads tu, kwa kuwa viwavi wake hutegemea mmea mmoja unaoota humo. Pale Hickling, ndani ya Broads, nimewaona wazee wenye mikongojo na watoto wadogo wamesimama pamoja wakimngoja apite.

Mapenzi hayo yamejengwa. Mwaka 1926 kinamasi cha Cley kilinunuliwa ili ndege wazaliane humo kwa amani, na hapo likazaliwa shirika la kwanza la wanyamapori la kaunti. Leo Uingereza ina mashirika zaidi ya 40 ya aina hiyo. Watoto wa shule huingizwa kinamasini na nyavu ndogo, wakavua wadudu, wakawatazama, wakawarudisha majini.

Kwetu Kilifi, Kenya, tunaye ndugu wa ukoo wa kipepeo huyo. Hutaga mayai kwenye milimau na michungwa ya uani. Viwavi wake wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, na watu huwaponda kwa kuwa wanakula majani. Tuna pia msitu wa Arabuko-Sokoke, yapata kilomita za mraba 420, wenye sengi wa kiuno cha dhahabu, na mnana asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti yetu.

Miaka ya nyuma wengi waliopakana na msitu huo walitaka ukatwe walime. Kwao ulikuwa mali ya serikali, na ndovu waliotoka humo walikula mahindi yao. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo pale Gede, kando ya msitu. Wakulima hufuga viwavi wa vipepeo wa msitu huo mpaka wajifunge kuwa pupa, kisha pupa husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio kuwaona vipepeo. Msitu ukawa unawalipia watoto wao karo.

Mimi naliheshimu fungamano hilo kuliko la Norfolk. Anayelinda msitu kwa sababu unamlisha ana sababu nzito kuliko mtu wa matembezi ya Jumapili. Lakini nauliza: mtoto wa Gede huingia lini msituni, asipotumwa kuni? Mgeni kutoka London hutembezwa na kijana wa kijijini anayemjua kila ndege kwa sauti, na mtoto wa jirani wa kijana huyo hajawahi kutembezwa hata mara moja.

Walimu wa Kilifi, mlimau upo karibu na shule nyingi. Chukueni viwavi wachache, muwaweke kwenye boksi lenye matundu, watoto wawaletee majani mabichi kila asubuhi. Kisha mwiteni yule kijana, Jumamosi moja kila muhula, awaingize msituni.