Durban: Walichohitaji Ni Kiswahili Chetu

Tangu nirudi wengi mmeniuliza, "Hivi Afrika Kusini ulienda kufanya nini hasa?" Kwa kifupi, kikundi cha wanafunzi Wakatoliki hapa chuoni huenda kuishi na kujitolea katika parokia ya mbali, na mwaka jana tulipangiwa Durban kwa wiki tatu. Tulikuwa tisa, Mwafrika mimi peke yangu.

Asubuhi tulisaidia katika shule ya parokia. Mchana tulikwenda mjini, Denis Hurley Centre, jengo lililofunguliwa mwaka 2015 ubavuni mwa Kanisa Kuu la Emmanuel, karibu na masoko ya Warwick. Limepewa jina la Askofu Mkuu Hurley (1915–2004), aliyeongoza jimbo la Durban hadi mwaka 1992 na kuupinga ubaguzi wa rangi waziwazi. Wasio na makazi hupata chakula hapo, kuna zahanati, na wakimbizi husaidiwa.

Sasa sikilizeni. Siku ya pili nikiwa pale, nasikia Kiswahili kwenye foleni! Kumbe Durban ina Wakongo na Warundi wengi tu. Nikamwamkia mama mmoja "Shikamoo", akacheka, maana kwao Bukavu salamu hiyo si ya kila siku. Akaniuliza, "Mwanangu, unatoka wapi?" Nikamjibu Songea. Basi, tukaanza kuongea kama watu wa mtaa mmoja.

Mwanawe alisoma darasa la pili katika shule ileile tuliyokuwa tunasaidia. Mtoto hasemi darasani, na alikuwa ameambiwa huenda akarudia darasa. Barua za shule zilifika kwa Kiingereza, yeye akaziweka kabatini. Nikamuuliza kwa nini asiombe jirani amsomee. Akasema taratibu, "Hata mu taksi tunanyamazaka tu, mwanangu." Nilielewa. Mei 2008 wageni walishambuliwa nchini humo, na Aprili 2015 fujo zikarudi, safari hii Durban yenyewe, mpaka waliokimbia nyumba zao wakawekwa kambini, mojawapo ikiwa Chatsworth. Mtu aliyepita hapo hujifunza kuficha lugha yake, na mtoto naye anajifunza kwa mama.

Siku mbili baadaye tuliketi wanne: mama, mtoto, mwalimu wa Kizulu na mimi mkalimani. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, ana watoto wengi darasani na hakujua lugha ya huyu mmoja. Nikamwuliza kijana hesabu kwa Kiswahili. Akajibu zote, haraka kuliko mimi! Alipotaja "tatu", mwalimu akainua kichwa: kwao ni "kuthathu". Wakaanza kulinganisha: nyama na inyama, nyoka na inyoka, mtu na umuntu. Mtoto akacheka kwa sauti. Mwalimu akasema atampima upya kabla ya muhula kwisha. Mimi niliondoka kabla ya hapo, kwa hiyo mwisho wake siujui, na unanisumbua hadi leo.

Wapo wanaodhani watu wetu wamefika Durban juzijuzi. Si kweli. Kuanzia mwaka 1873 manowari za Waingereza zilishusha pale watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa pande za Msumbiji, lakini jina walilobaki nalo ni Wazanzibari. Wengi wao walikuwa Waislamu, wengine walifundishwa na wamisionari Wakatoliki, wakaishi pamoja huko Bluff. Serikali ya makaburu ilishindwa kuwapanga, ikawaandika kuwa Waasia, na miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth. Naam, Chatsworth hiyohiyo ya makambi ya 2015.

Sasa hoja yangu. Wenzangu wanane walipaka rangi madarasa, wakafundisha Kiingereza, wakapendwa. Sibezi. Ila rangi hata fundi wa pale angepaka, tena angelipwa. Kilichokosekana pale mezani ni mtu wa kusema kwa niaba ya mama bila kumtisha, na kazi hiyo haikuhitaji digrii wala nauli ya ndege. Ninyi mnaosoma Durban, au Cape Town, au hata miji ya Ulaya yenye Wakongo na Warundi, mnayo tayari. Jumamosi moja kwa mwezi, parokiani au msikitini, kusoma barua za shule na kuketi na mzazi mbele ya mwalimu. Wiki tatu zangu zilikuwa chache mno kwa kazi ya namna hiyo, inataka mtu anayebaki.

Ndiyo maana naleta pendekezo kwa kamati: tuanze na shule za mji wetu huu huu muhula ujao. Atakayekuwa tayari anione baada ya mkutano wa Ijumaa.