Nazi ya Pete, Pweza wa Charawe

Unguja haina ziwa la kujivunia. Ndugu zetu wa Mwanza na Kigoma wakisimulia Rubondo na Gombe, hifadhi zilizo kandoni mwa maziwa makuu, sisi hubaki kuitaja bahari. Hata hivyo tunayo hifadhi ya taifa moja, nayo haijakosa maji. Chini yake maji ya ardhini yako karibu mno, kiasi kwamba masika yakikolea miti husimama ndani ya maji; na upande wa pwani inaishia katika mikoko ya Ghuba ya Chwaka. Hiyo ndiyo Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, iliyopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2004 na kutambuliwa na UNESCO mwaka 2016 kuwa mahali ambapo binadamu na viumbe wengine wanapaswa kuishi pamoja. Haiendeshwi na TANAPA, kwa kuwa misitu si jambo la Muungano. Imo mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Nalitaja hili kwa sababu kila mwaka hapakosi mwanafunzi anayeniandikia vingine katika mtihani.

Nilikwenda huko Jumamosi moja na wanafunzi wangu, wengi wao wazaliwa wa Mjini. Waliokwisha kuingia Jozani kabla ya siku ile hawakutimia watano, ingawa wote wamepita barabara ile mara nyingi wakielekea Makunduchi au Jambiani, na wote wanayajua matuta yaliyowekwa pale ili magari yasiendelee kuwaua kima. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Kwa hiyo sidhani kwamba kikwazo ni fedha peke yake. Tumezoea kuamini kwamba msitu ule ni wa watalii. Na watalii kweli wapo: mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000.

Kivutio kikuu ni kima punju, ambaye hapatikani kwa asili pengine popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vilivyo jirani nayo. Wazungu walimpa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza katika Zanzibar ya karne ya 19. Wenyeji walikuwa wamekwisha kumwita punju, neno linalobeba maana ya sumu, na wazee wengi hawakutaka hata kumkaribia. Sasa huketi juu ya vichwa vya wageni bila woga. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wamebaki zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Kilichowashangaza wanafunzi wangu zaidi ni kwamba kima hawa hula mkaa. Majani ya mikungu na miembe yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huwasaidia kuzizimua. Mwanafunzi mmoja aliuliza ikiwa wananunua kwa gunia au kwa kopo.

Ukitoka langoni, mambo hubadilika sura. Kima hawaijui mipaka ya hifadhi, na mashamba ya Pete yako jirani. Wakulima wamelalamika kwa miaka mingi kwamba punju wanawamalizia mazao, nazi changa zikiwa za kwanza katika orodha. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walilichunguza lalamiko hilo, na mwaka 1999 wakachapisha matokeo ambayo hakuna aliyeyategemea: minazi ambayo kima walikula zaidi madafu yake machanga haikupunguza mavuno ya mwisho, bali ilielekea kuyaongeza, mithili ya mti uliopogolewa. Nimewahi kumsikia ofisa akilitumia jibu hilo kuwanyamazisha wakulima mkutanoni. Utafiti ni mzuri, nami naufundisha. Lakini ulihusu nazi. Mwenye shamba hali nazi peke yake. Ana kunde, ana ndizi, ana maembe, na ana siku nzima anayoipoteza kwa kulinda. Anayemwambia kwamba hasara yake ni dhana tu anapaswa kwanza kulala shambani kwake walau wiki moja.

Kutoka hapo tulikwenda Charawe, kando ya ghuba, ambako mwenyeji wetu alikuwa amemwomba bibi mmoja atupikie. Tulimkuta ukumbini kwake, juu ya mbuzi, akikuna nazi, na wanafunzi wakamwamkia kwa mpigo mmoja. “Marahaba wanangu,” akajibu, “mmekuja kula au kuandika?”

Tulikula. Pweza alikuwa amepigwa kwa fimbo asubuhi ile mpaka akalegea, kisha akachemshwa kwa maji yake mwenyewe, bila haraka. Yakafuata vitunguu, tungule, pilipili mbichi, manjano kidogo na tui la pili; kasimile iliingia mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, na bibi hakumruhusu mtu mwingine ashike upawa katika dakika zile. Pembeni palikuwa na muhogo wa nazi na tasi wa kuchoma aliyenaswa kwa dema ndani ya ghuba. Kuni zilikuwa makumbi na vifuu vya nazi zile zile. Chicha walipewa kuku. Nimekula pweza wa Forodhani mara nyingi, yule wa kijitini chini ya taa, wala simdharau. Lakini pweza wa Forodhani huliwa kwa kusimama, ukimtazama anayefuata kwenye foleni. Huyu wa Charawe alituketisha mkekani zaidi ya saa moja, na mchuzi uliobaki sahanini ulifutwa kwa muhogo bila aibu.

Kila kilichokuwa katika sinia lile kilitoka mahali ambapo hifadhi ina neno. Tasi hulishwa na majani ya bahari ya ghuba, na samaki wengi hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Mikoko yenyewe ilikuwa kuni, na ilikuwa boriti: anayepima vyumba vya Mji Mkongwe atagundua kwamba vingi ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliokuwa mipaka ya fundi. Mji ule tunaouonyesha kwa fahari uliezekwa kwa miti ya namna hii. Leo tunawaambia watu wa ghuba wasikate, na tuna haki ya kusema hivyo, mradi tukumbuke kwamba walioambiwa waache ndio wenye jiko la kuni, na waliofaidi zamani wako mjini.

Nilimuuliza bibi ikiwa hupika pweza kila bamvua. Akacheka. Pweza mkubwa, alisema, huishia kwa mchuuzi pale pale pwani, naye humpeleka kwenye mahoteli. Nyumbani hubaki mdogo, au hakibaki kitu. “Huyu wa leo, maalim, mmenunua nyinyi. Wajukuu zangu wamefurahi mmekuja.” Wanafunzi waliinamisha macho. Chakula tunachokiita cha asili kinawatoka wenyewe asili, na mgeni wa hotelini humla pweza wa Charawe bila kujua Charawe iko wapi.

Ni kweli kwamba sehemu ya mapato ya langoni hurudi vijijini, kwa miradi ya maendeleo na kwa wakulima wanaoharibiwa mazao. Mpango huu ni wa kusifiwa; hifadhi nyingi za Afrika zilianza kwa kuwafukuza wenyeji. Lakini nilipowauliza watu tuliokula nao ni kiasi gani kilichorudi mwaka jana, na kwa kazi gani, kila mmoja alinielekeza kwa mwingine. Wenzangu watumishi wa umma watanijibu kwamba taarifa zipo. Siwabishii. Ninachosema ni kwamba taarifa iliyomo katika jalada la Mjini haimsaidii mtu ambaye kunde zake zimeliwa jana. Ibandikwe kila miezi mitatu, kwa Kiswahili, shehia kwa shehia: langoni kimeingia kiasi hiki, kimerudi kiasi hiki, kimejenga hiki.

Niliyasema hayo pale pale mkekani, nikidhani nimemaliza. Bibi alikuwa akikusanya sahani. Akasema karatasi hiyo isibandikwe kwa sheha, maana huko huenda wanaume. Ibandikwe kwenye njia ya pwani, ambako kila mwenye fimbo ya pweza hupita bamvua likifika.