Mbona Ndege Haina Parachuti?



Kuna swali ambalo wazazi huniuliza sana, hasa wale ambao watoto wao wanapanda ndege mara ya kwanza kwenda Ghuba kutafuta kazi: "Pasta, mbona ndege hubeba jaketi za kuokoa watu majini lakini haina parachuti?" Baada ya tarehe 10 Machi 2019, ndege iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilipoanguka na watu 157, wakiwemo Wakenya 32, swali hilo lilikuja na machozi. Swali la machozi halijibiwi kwa "wewe omba tu." Leo tuliangalie pamoja.

Hebu fikiria umekaa kwenye kiti chako. Ndege iko juu kilomita 10 hivi, inakimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Nje baridi ni kama nyuzi 50 chini ya sifuri, na hewa ni haba hivi kwamba mtu hupoteza fahamu kwa dakika moja tu. Mlango nao haufunguki, kwa maana hewa ya ndani inausukuma kwa nguvu zinazomshinda mtu yeyote. Sasa weka watu 150 kwenye ile njia nyembamba, mama na mtoto mchanga, mzee mwenye magoti mabovu, na hakuna aliyewahi kuruka. Nani atatoka?

Tena ajali nyingi hutokea ndege ikipaa au ikitua. Ile ya 2019 ilikaa angani dakika 6 tu. Parachuti inahitaji kimo na muda.

Utaniambia, "Basi ndege nzima ifungwe parachuti moja kubwa." Ndege ndogo za Cirrus zinayo kweli, na imeokoa watu. Lakini hizo zina uzito wa tani moja na nusu hivi. Boeing 737 iliyojaa hukaribia tani 80.

Sasa angalia kilichookoa watu Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Ndege ya abiria iligongana na ndege ya walinzi wa pwani, moto ukawaka. Watu 5 wa ile ndege nyingine walifariki, na tunawaomboleza. Lakini wote 379 wa ndege ya abiria walitoka hai. Milango mingi haikufaa kutumika, lakini wahudumu walijua kazi yao, na abiria wakaacha mizigo na kufuata maagizo.

Soma Matendo 27. Meli inapigwa na dhoruba, na mabaharia wanataka kutoroka kwa mashua ndogo. Paulo anamwonya akida kwamba hao wakiondoka, wengine hawataokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaenda zake. Watu wote 276 walifika nchi kavu.

Umeona? Kila mtu akitafuta njia yake ya kutorokea, wanyonge ndio hubaki. Kwa hivyo tukidai usalama, tudai chombo chenyewe kiwe salama kabla hakijaruka. Baada ya ajali ya 2019, ndege za aina ile zilisimamishwa duniani kote mpaka mfumo wenye kasoro ukarekebishwa. Inaniuma kwamba ilichukua uhai wa watu wetu kufika hapo. Imani haimzuii Mkristo kuuliza maswali magumu. Anayeyauliza anamlinda jirani yake.

Na wewe unayesafiri mwezi huu: wahudumu wakieleza, weka simu chini usikilize. Hesabu viti kutoka ulipo hadi mlango wa dharura. Funga mkanda. Wakisema tokeni, acha mfuko, hata kama una pasipoti ndani. Anayekufuata anataka kuishi pia.

Halafu omba, mpendwa. Mimi huomba pia, mikono imeshika kiti.

Mtumie mtu anayesafiri. Mungu akufikishe salama.